Chini ya Barua za Mtakatifu Yeronimo: Kwa Nini Sheria ya Warumi Bado Inafundishwa?



Kila tarehe 30 Septemba Mama Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Yeronimo, padre na mwalimu wa Kanisa, aliyefariki Bethlehemu mwaka 420. Katika tafakari yetu ya juma hili hatutazungumzia tafsiri yake ya Biblia, ambayo wengi wenu mmekwisha kuisikia mara nyingi. Tunapenda kuzungumzia barua zake, na hasa kile kilichokutwa chini ya barua hizo.

Mwaka 1816 mwanahistoria Barthold Georg Niebuhr alikuwa safarini kwenda Roma, ambako alikuwa ameteuliwa kuwa balozi wa Prussia mbele ya Baba Mtakatifu. Alipopita Verona, kaskazini mwa Italia, aliingia katika maktaba ya kanisa kuu la mji huo. Humo alikuta kitabu cha ngozi chenye barua za Mtakatifu Yeronimo. Alipokitazama kwa makini aliona kwamba chini ya mistari ya barua kulikuwa na maandishi mengine, ya kale zaidi, yaliyofifia. Ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali zamani zile. Waandishi walikuwa na desturi ya kukwangua au kuosha kitabu kisichohitajiwa tena, kisha wakaandika juu yake kitabu kingine. Niebuhr alimpelekea habari Friedrich Carl von Savigny, mwalimu wa sheria mjini Berlin, naye Savigny akatambua kwamba yale maandishi ya chini yalikuwa ya Gaius, mwanasheria Mrumi wa karne ya 2. Kitabu hicho kiitwacho Institutiones, yaani mafundisho ya awali ya sheria, kilikuwa kimejulikana kwa karne nyingi kwa vipande na muhtasari tu. Kilipigwa chapa kwa mara ya kwanza mwaka 1820.

Kwa nini tunawaletea habari hii? Parokia yetu, kama parokia nyingi za siku hizi, ina vijana wanaosoma sheria vyuoni, na ina wazazi wanaojinyima mengi ili kuwalipia ada. Baadhi ya vijana hao hutuuliza: dola ya Warumi ilikwisha kufa, je, kuna faida gani kupoteza muda na sheria zake? Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu lisilo la haraka.

KITABU CHA WANAFUNZI

Gaius hakuwa mfalme wala jaji mashuhuri. Alikuwa mwalimu, nasi hatumjui ila kwa jina hilo moja tu. Lakini alifanya jambo ambalo wakubwa hawakulifanya: alichukua msitu wa sheria za Kirumi akaukatia njia tatu. Sheria yote, alifundisha, inahusu ama watu, ama vitu, ama mashauri. Mwanafunzi aliyeishika ramani hiyo aliweza kujua yuko wapi kila alipoletewa kesi.

Zaidi ya miaka 300 baadaye Kaisari Justiniani, aliyetawala Konstantinopoli kuanzia mwaka 527 hadi 565, aliagiza maandishi ya wanasheria wa kale yakusanywe. Tume iliyoongozwa na Tribonianus ilianza kazi mwezi Desemba 530, na tarehe 16 Desemba 533 ikatangazwa Digesta, yenye vitabu 50. Zaidi ya theluthi moja yake ilitoka kwa mtu mmoja, Ulpianus. Pamoja na Digesta ulitolewa mkusanyo wa amri za makaisari, na hali kadhalika kitabu kidogo cha wanafunzi kilichofuata mpango wa Gaius. Kitabu hicho kilikuwa cha darasani, na papo hapo kilikuwa na nguvu ya sheria. Kaisari mwenyewe alipanga masomo ya miaka 5, na akaruhusu sheria ifundishwe Roma, Konstantinopoli na Beirut.

Ndivyo tangu mwanzo sheria ya Kirumi ilivyokuwa na nyumba mbili, yaani mahakama na shule. Nyumba ya kwanza ilibomoka pamoja na dola. Nyumba ya pili ilibaki.

KUTOKA BOLOGNA HADI ALTARENI PETU

Katika nchi za Magharibi Digesta ilisahauliwa kwa karne kadhaa. Mwanzoni mwa karne ya 12, mjini Bologna, mwalimu aitwaye Irnerius alianza kuisoma mstari kwa mstari mbele ya wanafunzi, akiandika maelezo pembeni mwa kurasa. Vijana walimiminika kutoka pande zote za Ulaya. Hawakwenda kwa sababu kaisari wa Konstantinopoli aliwaamuru. Kaisari huyo hakuwa na mamlaka juu yao. Walikwenda kwa sababu katika vitabu vile walikuta hoja: kwa nini mwenye mali adai hivi, kwa nini aliyeahidi afungwe na ahadi yake, na kwa nini aliyedanganywa afunguliwe.

Mjini humo humo, karibu mwaka 1140, Gratianus alikusanya kanuni za Kanisa katika kitabu chake mashuhuri, na tangu hapo sheria za Kanisa na sheria ya Kirumi zilisomwa kama ndugu wawili wa nyumba moja. Ndugu hao hawakupatana nyakati zote. Mwaka 1219 Papa Honorius III alikataza sheria ya Kirumi isifundishwe Paris, akihofu kwamba ingewavuta wanafunzi kutoka katika masomo ya teolojia. Hata hivyo undugu wao haukukatika.

Mfano mmoja mnauona wenyewe kila tunapofungisha ndoa. Tunawauliza bwana arusi na bibi arusi kama wamekuja kwa hiari yao, kisha tunapokea makubaliano yao, na hakuna mtu mwingine anayeweza kukubali kwa niaba yao kwa kuwa tu ni baba, mjomba au mzee wa ukoo. Kanuni ya 1057 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inafundisha kwamba makubaliano ya wahusika ndiyo yanayoifanya ndoa. Wazo hilo lilikwisha kuandikwa na Ulpianus, na limehifadhiwa katika Digesta. Kanisa lililipokea, likalitakasa, na kwa hilo limewatetea mabinti wengi dhidi ya ndoa za kulazimishwa. Vivyo hivyo Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipotaka kueleza fadhila ya haki, alianza na maelezo ya wanasheria wa Kirumi: haki ni nia thabiti na ya kudumu ya kumpa kila mtu kilicho chake.

SHERIA ILIYOPOTEZA FIMBO

Huko Ulaya sheria hii iliendelea kutumika mahakamani, hasa pale ambapo sheria za nchi zilikuwa kimya. Mwaka 1804 Ufaransa ilipata kitabu chake cha sheria za kiraia chini ya Napoleon, na wengi wa waandishi wake walikuwa wamelelewa na vitabu vya Kirumi. Ujerumani ilichelewa: hadi mwisho wa karne ya 19 sehemu kubwa za nchi hiyo bado zilihukumu kwa Digesta. Tarehe 1 Januari 1900 kitabu kipya cha sheria za kiraia cha Ujerumani kilianza kutumika, na siku hiyo sheria ya Justiniani ikaondoka mahakamani. Maprofesa walioifundisha walibaki kama walinzi wa nyumba ambayo mwenyewe amehama.

Wengi walidhani mambo yangeishia hapo. Lakini ndugu wapendwa, tazameni lililofuata. Mwezi Februari 1920, mjini Munich, chama kilichokuja kuitwa cha Wanazi kilitangaza madai 25. Dai la 19 lilitaka sheria ya Kirumi iondolewe na mahali pake iwekwe sheria ya Kijerumani. Kwa nini chama cha siasa kihangaike na sheria iliyokwisha kufa miaka 20 kabla? Sisi tunaona hivi: mtawala asiyependa kuulizwa sababu huiogopa hata sheria isiyo na askari, maadamu inawafundisha vijana kuuliza sababu.

Mwaka 1934, Wanazi wakiwa wamekwisha kushika dola, profesa Fritz Schulz wa Berlin alichapisha kitabu juu ya misingi ya sheria ya Kirumi, chenye sura juu ya uhuru, utu na uaminifu. Yeye na mwenzake Fritz Pringsheim waliondolewa katika viti vyao kwa sababu ya asili ya Kiyahudi katika familia zao, na mwaka 1939 wote wawili wakakimbilia Oxford, Uingereza. Mwaka 1938 Paul Koschaker, aliyebaki Ujerumani, aliandika kwa uchungu juu ya hali mbaya ya somo hili. Baada ya vita, mwaka 1947, alitoa kitabu kingine kikubwa kueleza jinsi sheria ya Kirumi ilivyokuwa mojawapo ya nguzo za ustaarabu wa Ulaya.

Je, usomi huo uliishia na kizazi kile? La hasha. Peter Birks, aliyekalia kiti cha sheria ya Kirumi huko Oxford tangu 1989 hadi alipofariki mwaka 2004, aliwaambia Waingereza kwamba sheria yao ni tajiri lakini haina mpangilio, akachukua ramani ya Gaius ili kuipanga. Reinhard Zimmermann, Mjerumani aliyewahi kufundisha Cape Town, alitoa mwaka 1990 kitabu kinene kinachofuatilia mikataba na fidia kutoka Roma hadi siku zetu. Na huko Afrika Kusini, ambako Waholanzi walipeleka sheria yenye mizizi ya Kirumi, bado inasikika mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi hiyo iliamua kesi ya mbwa watatu waliomshambulia mpita njia hadi akapoteza mkono. Mwenye mbwa alijitetea kwamba hakuwa na uzembe, na kwamba huenda mwizi ndiye aliyeliacha lango wazi. Mahakama ilimwajibisha, kwa kutumia kanuni ambayo asili yake ni Mbao Kumi na Mbili za Roma, zilizotungwa karibu mwaka 450 kabla ya Kristo: mwenye mnyama wa kufugwa hubeba mzigo wa madhara yake.

MAPIPA, UKUMBI NA MTU AITWAYE STICHUS

Mtasema: hayo ni ya Ulaya na Afrika Kusini, sisi yanatuhusu nini? Majirani zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi walipokea sheria za kiraia kupitia Ubelgiji, ambayo ilizipata kwa Napoleon, na hivyo wao wako karibu na Roma kuliko wanavyodhani. Sisi tuliotawaliwa na Waingereza tulipokea sheria ya Kiingereza, Kenya kwa tarehe ya 12 Agosti 1897 na Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Sheria hiyo hujisifu kwamba ilijengwa na majaji wenyewe. Lakini majaji hao nao walipokwama walikuwa na tabia ya kubisha hodi kwenye mlango wa Warumi.

Mwaka 1703 ilikuja mbele ya Jaji Holt kesi ya Coggs na Bernard. Bernard alikubali kuhamisha mapipa ya brandi kutoka ghala moja hadi jingine, bila malipo. Pipa moja likapasuka na kinywaji kikamwagika. Je, mtu anayesaidia bure anawajibika? Holt alijibu kwa kupanga, kwa majina ya Kirumi, aina 6 za mali inayowekwa mikononi mwa mwingine. Kiswahili chetu, tazameni uzuri wake, kina maneno yake kwa karibu zote: amana, azima, kukodi, rehani, kazi ya ujira, na jambo ulilotumwa kulifanya bure. Kila moja ina kipimo chake cha uangalifu, na hata anayesaidia bure hana ruhusa ya kuwa mzembe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyotungwa kwa mfano wa ile ya India ya mwaka 1872, ina sehemu nzima juu ya mambo hayo.

Kesi ya pili ni ya mwaka 1863, Taylor na Caldwell, ambayo karibu kila mwanafunzi wa sheria ya mikataba huisoma, awe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Ukumbi wa muziki ulikodishwa kwa siku nne, lakini kabla ya siku hizo ukateketea kwa moto bila kosa la mtu. Je, mwenye ukumbi alipe fidia kwa kutotimiza ahadi? Jaji Blackburn alifungua Digesta, akisema wazi kwamba sheria hiyo haiifungi mahakama ya Kiingereza, ila ni msaada mkubwa katika kutafuta msingi wa jambo. Alikuta mfano huu: mtu ameahidi kumkabidhi mwenzake, siku fulani, Stichus, Stichus akafa kabla ya siku hiyo, aliyeahidi hadaiwi. Jaji akatumia hoja hiyo, na mwenye ukumbi akaachiliwa.

Hapa tunawaomba msimame kidogo. Stichus ni nani? Ni jina ambalo wanasheria wa Kirumi walizoea kumpa mtumwa katika mifano yao. Blackburn mwenyewe alieleza kwamba Warumi walitoa mfano wa mtumwa kama Waingereza wanavyotoa mfano wa farasi. Hoja ni safi na hukumu ni ya haki, lakini katikati yake amelala mtu anayehesabiwa kama mali, na kifo chake kinatajwa ili kujua kama kuna deni.

Wala hatuwezi kusema kwamba Warumi hawakujua. Vitabu vyao vyenyewe vinakiri kwamba utumwa ni kinyume cha maumbile. Walikiri hivyo, kisha katika kurasa zilizofuata wakaendelea kueleza namna ya kumnunua mtumwa, kumweka rehani na kumdai. Akili kali kuliko zote za zamani zile ziliona ukweli zikaupita.

YEYE ALIYEANDIKWA JUU

Na sasa turudi kwa Mtakatifu Yeronimo. Karibu mwaka 400 aliandika barua ya kumkumbuka Fabiola, mwanamke Mrumi aliyefanya toba na kujenga hospitali kwa ajili ya maskini. Katika barua hiyo alisema waziwazi kwamba sheria za makaisari ni nyingine na sheria za Kristo ni nyingine. Papinianus, mwanasheria mkuu wa Warumi, anaagiza hivi, na Paulo wetu anaagiza vile. Alikuwa akipinga desturi iliyomruhusu mwanamume kuwatumia vijakazi wake apendavyo, huku mwanamke akihukumiwa vikali. Kwetu sisi, alifundisha, kisichoruhusiwa kwa mwanamke hakiruhusiwi kwa mwanamume pia.

Kanisa lenyewe lililazimika kujifunza kutofungwa na ramani ya Gaius. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917 uliufuata mpango wa Kirumi kwa karibu sana, kiasi kwamba sakramenti zilitiwa katika kitabu kilichoitwa cha Vitu. Mkusanyo wa mwaka 1983 uliuacha mpango huo, ukaziweka sakramenti chini ya kazi ya Kanisa ya kutakatifuza. Ramani nzuri husaidia msafiri, lakini msafiri asipoangalia ardhi yenyewe atapotea.

Basi, jibu letu kwa vijana wetu ni hili. Sheria ya Kirumi haistahili kurudishiwa kiti cha enzi. Inastahili kuketi darasani kama mzee asiye na fimbo. Hawezi kukuamuru, anaweza tu kukuonyesha sababu, na usiporidhika na sababu zake una uhuru wa kumkatalia. Sheria za nchi zinaweza kubadilishwa kesho kwa kura za bunge, na anayezikariri tu atabaki mikono mitupu. Aliyejifunza kuuliza kwa nini sheria iko hivyo ataweza kuihukumu hata sheria mpya. Lakini msome mzee huyo mzima, pamoja na Stichus wake. Kila mnapokutana na hoja iliyo safi, ulizeni: ni nani hapa amegeuzwa kuwa kitu? Swali hilo halikuzeeka. Linamhusu mfanyakazi wa ndani asiye na mkataba, na kijana anayesafirishwa nchi za mbali kwa ahadi za uongo.

Kwenu ninyi wengine ambao hamsomi sheria, lipo pia la kubeba nyumbani. Magomvi mengi yanayofika ofisini petu huanza kwa sababu watu hawakulipa jambo jina lake. Mmoja anasema, nilimwazima pikipiki. Mwingine anasema, alinipa nimtunzie. Wa tatu anadai ilikuwa rehani. Kabla ya kukabidhiana kitu, hata kati ya ndugu, semeni ni amana, ni azima au ni rehani, na ikiwezekana muandike mbele ya shahidi. Kuandikiana si kukosa upendo. Ni kuulinda upendo usije ukaharibiwa na kumbukumbu zinazotofautiana.

Kile kitabu cha ngozi bado kimehifadhiwa Verona. Wataalamu wa karne ya 19, kwa haraka ya kumsoma Gaius, walipaka dawa kali juu ya kurasa, wakaziharibu baadhi. Ingefaa tuwe wapole zaidi kuliko wao: tumsome mwanasheria aliye chini, bila kumfuta mtakatifu aliye juu.

Mungu awabariki nyote, hasa vijana wetu walioko vyuoni. Tukutane tena juma lijalo. Mtakatifu Yeronimo, utuombee.